Gauni moja, tarehe tatu: jinsi ya kusoma nguo za kike za mwanzo wa karne ya 20

Ukianza kukusanya nguo za kike za kati ya 1900 na 1925 hivi, kitu cha kwanza kitakachokuchanganya ni tarehe. Muuzaji anasema hili gauni ni la 1905, mwingine anaangalia picha ileile anasema hapana hilo ni la 1912, wa tatu anakuja na kuuliza mbona lina zipu pembeni, hilo si vazi la maigizo tu? Na unaweza kukuta wote watatu wameona kitu cha kweli, maana lesi inaweza kuwa imetoka kwenye nguo ya zamani zaidi, mkato ukawa wa 1912, na zipu ikatiwa miaka mingi baadaye na mtu aliyetaka kulivaa kwenye sherehe. Watu wanakwama kwa sababu wanatafuta tarehe moja kwenye kitu ambacho kimevaliwa, kikafumuliwa, kikapunguzwa, kikarithiwa na kushonwa tena.

Mimi msimamo wangu ni huu: nje ya nguo inakupa makisio, ushahidi uko ndani. Kwa hiyo ukipata nguo, ione nje, ipende, halafu igeuze.

Lakini tuanze na umbo, maana ndilo kila mtu analiangalia. Kuanzia 1900 mpaka 1908 hivi mtindo ulikuwa kifua kimetuna mbele, kiuno kimebanwa na nyonga zimesukumwa nyuma, na hiyo yote ilikuwa kazi ya korseti, lile vazi la ndani lenye mifupa la kubana kiwiliwili, iliyonyooka mbele. Baadaye kiuno kikaanza kupanda mpaka karibu na matiti, sketi zikapungua upana, na ukifika 1910 mpaka 1913 unakutana na sketi zinazobana huku chini miguuni kiasi kwamba hatua ndefu haiwezekani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mambo yakageuka, 1915 na 1916 sketi zikawa pana tena na zikapanda juu ya vifundo vya miguu, halafu miaka ya 1920 ndio yale magauni yaliyonyooka wima, kiuno kimeshuka mpaka kwenye nyonga. Hapa kuna mtego unaowaponza wengi: si kila gauni la miaka ya 1920 ni fupi. Mwaka 1923 pindo zilikuwa bado ndefu, zinakaribia vifundo, na ule ufupi wa kufika magotini ambao watu wanauwaza wakisikia "miaka ya ishirini" ni wa 1926 na 1927 hivi. Ukiona mtu anakataa gauni refu la kiuno cha chini eti haliwezi kuwa la kipindi kile, ujue amekariri picha moja tu.

Sasa shida ya umbo ni kwamba linakuambia nguo haiwezi kuwa ya kabla ya lini, halikuambii haiwezi kuwa ya baada ya lini. Bibi wa miaka sabini mwaka 1910 hakuwa na haja ya sketi ya kubana miguu, alimwambia fundi wake amshonee alivyozoea, na fundi naye huko kijijini alikuwa na kielelezo chake cha karatasi alichokitumia miaka na miaka. Mfano mkubwa kuliko yote ni gauni la Delphos la Mariano Fortuny, yule mbunifu wa Venice. Ni hariri yenye marinda membamba sana, pembeni kuna uzi uliopitishwa shanga za kioo za Murano ili kulivuta chini likae vizuri mwilini. Alilibuni karibu 1907, akalisajili hataza, yaani haki ya ubunifu, Paris mwaka 1909, na likaendelea kutengenezwa mpaka alipofariki mwaka 1949. Yaani miaka arobaini ya gauni lilelile kimsingi! Ukimuonyesha mtu Delphos bila maelezo mengine akakutajia mwaka kamili kwa kuliangalia tu umbo, anabahatisha.

Haya, tugeuze nguo. Chukua blauzi ya juu ya gauni la vipande viwili la kama 1903. Kwa nje ni lesi na vikunjo laini, huoni hata inafungukia wapi. Ukiifungua unakuta bitana ngumu ya pamba iliyoshonwa kuufuata mwili, yenye mifupa kwenye mishono, na hiyo bitana inafungwa yenyewe kwanza katikati ya kifua kwa kulabu na vitundu vyake vilivyopangwa kwa kupishana, kulabu moja inaangalia kulia inayofuata inaangalia kushoto, ili mvaaji akipumua au akiinama zisifunguke zenyewe. Kiunoni kuna utepe mgumu ambao nao una kulabu yake, kazi yake ni kuishika blauzi isipande. Ukishamaliza hapo ndio unalileta lile tabaka la juu, linavuka kifua linafungwa ubavuni na begani kwa kulabu ndogo ndogo, halafu kola ile ndefu inafungwa nyuma ya shingo. Ukiihesabu hii kazi unaelewa kwa nini wanawake wenye uwezo walikuwa na mtu wa kuwavisha. Na unaelewa pia kwamba nguo inayodaiwa ni ya 1903 halafu ndani ni tabaka moja jepesi lililomalizwa pembeni kwa ovaloki, hapo kuna maswali ya kuuliza.

Mifupa yenyewe nayo inasema. Iliyoitwa mfupa wa nyangumi kwa kweli ni zile nyuzi ngumu za mdomoni mwa nyangumi, na ukiukuta umetokeza kwenye tundu utaona unachanika kwa urefu wake kwa nyuzinyuzi. Chuma kinaacha kutu, ndio yale madoa ya rangi ya chungwa yaliyonyooka kwenye mishono. Usiyasugue kwa maji, yatasambaa.

Tazama pindo la sketi pia. Sketi za mwanzo wa karne zilikuwa zinafagia chini, kwa hiyo mafundi walishonea ukanda wenye manyoya mafupi magumu pembezoni kabisa mwa pindo, ili ukanda ndio ulike na si kitambaa. Ukikuta ule ukanda umelika upande mmoja, una vumbi lililoganda, napata furaha kubwa sana mimi, maana hiyo inaonyesha nguo ilitembea barabarani na pindo halijaguswa tangu hapo. Pindo safi mno kwenye sketi iliyochakaa juu ni dalili kwamba kuna mtu amelikata.

Vifungo na zipu ndio watu wanapenda kuvitumia kama hukumu ya mwisho, na kwa sehemu wako sahihi. Vifungo vya kubonyeza vya chuma vilipata hataza Ujerumani mwaka 1885, ila kwenye nguo za kike vinaanza kuonekana kwa wingi kuelekea 1910, kabla ya hapo kulabu ndizo zinazotawala. Zipu ya kisasa ni hataza ya Gideon Sundback ya mwaka 1917, jina la zipu lenyewe lilikuja 1923 kwenye viatu vya mvua vya kampuni ya B.F. Goodrich, na kuingia kwenye magauni ya kawaida ni mpaka katikati ya miaka ya 1930. Kwa hiyo gauni la umbo la 1912 lenye zipu ni moja kati ya mawili, ama ni la baadaye limeigizwa, ama ni la kweli zipu imeongezwa. Hapa usikimbilie kulitupa. Angalia kando ya zipu kama kuna vitundu vidogo vya sindano vilivyo kwenye mstari, mahali kulabu zilipokuwa zimeshonewa, angalia kama uzi wa zipu ni tofauti na uzi wa mishono mingine, na fungua kidogo akiba ya mshono uone rangi: kitambaa kilichojificha ndani ya mshono hakijapigwa na jua, kwa hiyo huwa kimekolea. Ukiona mstari wa rangi iliyokolea upo nje, pale penye mwanga, ujue mshono wa zamani ulifumuliwa na nguo ikapanuliwa au ikapunguzwa.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu kipya kuliko vyote ambacho kimeshonwa pamoja na nguo tangu mwanzo ndicho kinachokupa tarehe ambayo nguo haiwezi kuwa ya kabla yake. Neno zito hapo ni "tangu mwanzo". Kazi yote ya uchunguzi ni kutenganisha kilichokuwepo siku fundi alipomaliza na kilichokuja baadaye.

Nyuzi za kitambaa zinasaidia sana hapa. Hariri ya bandia aina ya viskosi ilianza kuzalishwa kibiashara na kampuni ya Courtaulds huko Coventry, Uingereza, mwaka 1905, na Marekani ikaanza kiwandani mwaka 1910. Jina la reyoni lilikubaliwa mwaka 1924, kwa hiyo lebo iliyoandikwa rayon haiwezi kuwa ya 1918. Nailoni ni ya mwisho wa miaka ya 1930, soksi zake zilianza kuuzwa kote Marekani 1940. Poliesta ni ya baadaye zaidi, ukiikuta kwenye kitambaa kikuu cha gauni linaloitwa la 1908 basi mjadala umeisha.

Watu wanauliza kuhusu kuchoma uzi kujua aina ya kitambaa. Inafanya kazi, ila toa uzi mmoja tu ndani ya mshono, si kwenye nguo. Pamba inanuka karatasi iliyoungua, hariri na sufu zinanuka nywele. Tahadhari moja ambayo siiachi hata siku moja: usijaribu moto wala sindano ya moto kwenye vifungo, vitana au mapambo yanayoonekana ya plastiki ya zamani, kwa sababu vingi ni seluloidi, na seluloidi inawaka ghafla na kwa nguvu. Na usipake asetoni kwenye gauni la kung'aa la miaka ya 1920 kutoa doa, kuna hariri ya bandia ya aina ya asetati ambayo inayeyuka kabisa kwenye asetoni, utabaki na tundu.

Halafu kuna taa ya miali ya urujuanimno (UV), ile ndogo ya mkononi. Uzi wa kisasa na sabuni za kisasa zina kemikali za kung'arisha ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na chini ya taa hiyo zinawaka rangi ya buluu nyeupe. Wengi wanaangaza taa, gauni jeupe linawaka lote, wanasema feki. Hapana jamani. Gauni la kweli la 1907 likifuliwa kwa sabuni ya kisasa mara moja tu linawaka pia. Unachotafuta ni tofauti: gauni zima haliwaki halafu mshono mmoja unawaka, hapo umepata matengenezo ya baadaye. Ukitumia taa kama hakimu utatupa nguo nzuri.

Lebo je? Kwenye nyumba kubwa za mitindo za Paris lebo mara nyingi imefumwa kwenye ule utepe wa kiunoni, ndani, ndio maana mtu anayepiga picha ya shingo tu haikuti. Ila lebo inahamishika. Paul Poiret, mbunifu wa mavazi wa Paris, alipokwenda Marekani mwaka 1913 alikuta lebo zake zimeigizwa na zinauzwa, kwa hiyo lebo feki si jambo la leo, kuna feki zenye umri wa miaka mia na zaidi! Madeleine Vionnet, mbunifu mwingine wa Paris, baada ya kufungua tena duka lake alianza kuweka alama ya dole gumba lake kwenye lebo, mwaka 1919, ili kupambana na hao hao wanaoiga. Kwa hiyo angalia namna lebo ilivyoshonwa kuliko jina lililoandikwa: je uzi unafanana na wa utepe, je kuna kivuli cha lebo nyingine pembeni yake, je ubora wa mishono unalingana na jina hilo? Na lebo inayotaja asilimia za nyuzi kwenye nguo ya Marekani kwa kawaida ni ya kuanzia 1960, sheria ilipoanza kutumika, basi hapo hakuna cha enzi ya Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, yaani mwanzo wa karne ya 20.

Kitu kinachoniuma ni kwamba tunakimbizana na majina makubwa tunaziacha blauzi za kawaida, zile nyeupe za pamba walizovaa makarani, walimu na wauza duka. Hizi ndizo zilizobadilisha maisha, mwanamke aliweza kununua blauzi iliyokwisha kushonwa akaivaa na sketi yoyote aende kazini. Na zilikuwa na gharama yake ya damu: kiwanda cha Triangle cha New York kilichoungua tarehe 25 Machi 1911 kikaua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, kilikuwa kinashona blauzi za aina hiyo. Ukipata moja yenye mshono wa kiwandani, haraka haraka, vifungo vya lulu za chaza, usiidharau eti haina jina. Zilivaliwa, zikafuliwa, zikachemshwa mpaka zikaisha, ndio maana nzima ni chache kuliko unavyodhani.

Kuhusu lesi nitasema kwa kifupi. Wauzaji wanaandika "lesi ya mkono" kila mahali, lakini lesi nyingi kwenye magauni meupe ya kiangazi ya 1900 mpaka 1914 ni ya mashine, na hakuna ubaya wowote. Ipanue chini ya kioo cha kukuza, ua likijirudia sawasawa kabisa mara ishirini, ni mashine. Lesi nyingine ilitariziwa kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye kiliyeyushwa kwa kemikali, hiyo huwa na vinyweleo vidogo kwenye kingo na haina uwazi wa wavu katikati.

Hili la ukubwa lazima lisemwe maana linasambaa sana, kwamba wanawake wa zamani walikuwa wadogo mno, viuno vya sentimita hamsini. Kwanza nguo ndogo ndizo zilizobaki, kwa sababu nguo kubwa ina kitambaa cha kutosha kukatwa na kushonewa nyingine, ndogo haina faida kwa mtu ikaachwa kwenye sanduku. Pili, ukipima korseti iliyofungwa mpaka mwisho unajidanganya, mara nyingi iliachwa wazi nyuma kwa sentimita kadhaa. Pima kiuno ndio, lakini pima na kifua, na upana wa mgongo, na urefu wa mkono, hapo ndio unampata mtu kamili.

Tuje kwenye jambo linalowavunja moyo wakusanyaji, hariri inayopasuka yenyewe. Unanunua gauni zuri la 1905, umelitundika wiki moja, unarudi bitana imechanika mistari mistari mirefu iliyonyooka kama imekatwa kwa wembe. Sababu yake iko kiwandani. Hariri ghafi ikichemshwa kuondoa gundi yake ya asili inapoteza karibu robo ya uzito, na kwa kuwa biashara yake ilikwenda kwa uzito, viwanda vilirudisha uzito huo kwa kuiloweka kwenye chumvi za bati, na mara nyingi walizidisha. Kitambaa kilitoka kizito, kinaanguka vizuri, kina mlio mtamu ukitembea, lakini zile chumvi zinauvunja uzi polepole na mwanga unaharakisha. Ukichoma uzi wake unaweza kuutambua, badala ya kubaki vumbi majivu yanabaki na umbo la uzi wenyewe, ile madini. Hakuna dawa ya kuirudisha. Konsaveta, yaani mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale, anaweza kuishikiza juu ya kitambaa kingine chembamba, lakini nguvu haitarudi. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza kuhusu bitana, uliza kuhusu mikunjo, na ukiambiwa "imechanika kidogo tu" kwenye hariri ya namna hii chukulia itaendelea.

Magauni ya shanga ya miaka ya 1920 yana ugonjwa mwingine, uzito. Shanga za kioo zinavuta shifoni mpaka mabega yanakatika, ukilitundika kwenye hanga unaliua. Laza. Na vile visahani vidogo vinavyometa, vingi vya wakati ule ni vya jelatini, vikipata maji au joto vinayeyuka na kugandana. Jasho la mikono linatosha kuharibu. Ukisikia mtu anasema alitia pasi ya mvuke gauni la shanga la 1925, kaa chini kwanza.

Kuhifadhi kwa jumla ni giza, hewa, unyevu usioruka ruka, na karatasi laini isiyo na asidi kwenye mikunjo ili kitambaa kisijikunje kwa ukali. Makumbusho huweka mwanga wa nguo kwenye lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na madhara ya mwanga yanajumlika, giza la mwezi mzima halifuti jua la siku moja. Mfuko wa plastiki wa dobi hapana. Nondo wanakula sufu, manyoya na hata hariri, na badala ya kuzijaza nguo nafthalini unaweza kuifunga nguo ya sufu vizuri kwenye mfuko wa polithini na kuiweka wiki mbili kwenye frizi ya digrii 20 chini ya sifuri, kisha kuiacha irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko.

Kuvaa? Mimi nasema hapana kwa chochote cha hariri cha kabla ya 1925, na najua wengi hawapendi kusikia hivyo. Blauzi imara ya pamba mtu anaweza kujadili. Lakini mwili wa leo bila korseti hauendi na mishono iliyokatwa kwa mwili wenye korseti, mgongo unasukuma, kwapa inavuta, na jasho ni asidi na chumvi.

Na ukikuta kiraka cha zamani, au lile tundu lililofumwa kwa uzi usiolingana, usikitoe ili nguo ipendeze. Kipige picha kwa ndani na nje, andika kiko wapi na kimeshonwa kwa uzi gani, weka maandishi hayo pamoja na nguo kwa penseli kwenye karatasi isiyo na asidi, wino unaweza kuvuja kwenye kitambaa.